Viatu Chini ya Meza

Siku simu ya Adhieu ilipoita, mwenyewe alikuwa kwenye foleni ya maji. Simu ilikuwa dukani kwa Muhubo, imelala juu ya ubao pamoja na simu za nusu ya mtaa wa Gudele, Juba, zote zimeng'ang'ania nyaya za jenereta kama watoto wa mbwa kwenye matiti ya mama yao. Muhubo, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, hakuwa na mazoea ya kupokea simu za wateja. Lakini ile iliita, ikanyamaza, ikaita tena, mpaka akaona itampasua kichwa.

Adhieu alipotokea na jerikeni kichwani, Muhubo alimlaki kwa sauti iliyovuka barabara.

"Abaayo, dada yangu! Mbona hukuniambia wewe ni mtu mkubwa?"

"Mkubwa wa nini?"

"Wamekupigia kutoka lile shirika la Hai Amarat. Wanakutaka Alhamisi saa nne asubuhi, kwa intavyuu ya redio."

Adhieu alitua jerikeni polepole. "Umewajibu nini?"

"Nimewaambia mimi ni karani wako, na kwamba uko mkutanoni."

"Muhubo!"

"Ulitaka niseme unateka maji? Watu wa ofisi wakisikia unateka maji, watakutafutia kazi ya kuteka maji."

Adhieu alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa ameandika maombi yale zamani kidogo, akayapeleka langoni mwenyewe, na baadaye akajilazimisha kuyasahau kama mtu anavyosahau mbegu aliyoitupa kwenye mawe. Alipokuwa msichana, Adhieu alikuwa sauti. Huko Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, alikaa katika chumba cha redio cha shirika la misaada, masikio ndani ya vidude vyeusi, akizungumza na marubani na watu waliokuwa porini upande wa pili wa mpaka. Wapo walioijua sauti yake kwa miaka bila kuuona uso wake. Kisha akaolewa na Dut, akazaa Achok, akazaa Manyang, akamuuguza mama mkwe mpaka akamfumba macho. Amani ikatiwa sahihi, watu wakarudi, nao wakarudi. Sasa ulikuwa mwaka wa 2009, na miaka sita ilikuwa imepita tangu Adhieu aguse redio yoyote isiyokuwa ya kusikilizia habari.

"Utavaa nini?" Muhubo akamuuliza.

Hilo Adhieu hakuwa amelifikiria.

---

Jioni ile Baba Mkubwa alikuja.

Yeye hakupiga hodi, alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kifupi na kikavu, kama mtu anayevunja kijiti kwa magoti. Adhieu aliposikia alijifunga begani lawa, shuka lake la heshima, vizuri, akateka maji kwenye gilasi, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee, macho chini, gilasi juu ya viganja viwili.

Mzee Majak alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Dut. Adhieu, tangu wafike Juba, alikuwa amemjua kuanzia magotini kwenda chini. Aliijua fimbo yake yenye kofia ya risasi kwenye ncha. Alivijua viatu vyake vya kahawia, vilivyotiwa soli ya tairi na fundi wa sokoni, cha kulia kikiwa na kamba ya kahawia na cha kushoto kamba ya bluu. Uso wake ulikuwa habari ya kusimuliwa. Ndivyo ilivyo heshima ya Wadinka: mke hali mbele ya wazee wa mumewe, hanywi mbele yao, hawataji kwa majina, hawakodolei macho. Heshima hiyo ina mlango wake. Mzee akiona wakati umefika, humletea mke mbuzi wa kumfungua. Siku hiyo watu hula, na tangu hapo mke huinua macho. Lakini Adhieu aliolewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wazee wakiwa wametawanywa na vita kama mtama uliomwagika, na mbuzi wake hakuwahi kufungwa kamba na mtu yeyote.

Alirudi nyuma ya mkeka uliogawa chumba, akasikiliza.

"Nimezungumza na mwenye boti," mzee alisema kwa Kidinka chake kizito. "Anaondoka Jumamosi asubuhi. Mke wako na watoto waende Bor. Kule kuna maziwa."

"Baba Mkubwa," Dut alisema, "wizarani wanasema mishahara iko njiani."

"Iko njiani tangu mvua za kwanza. Ikifika utawapelekea. Mshahara una miguu, mwanangu. Watoto wana matumbo."

"Achok ameanza shule."

"Bor kuna shule. Haina madawati, lakini hata wewe ulisoma umekalia kopo la mafuta ya msaada, na leo ni karani."

Karani asiyelipwa atajibu nini? Mzee alifanya kazi serikalini pia, katika ofisi inayosimamia mashirika ya misaada. Alikuwa akifanya nini hasa huko, Adhieu hakujua, mke haulizi. Alijua tu kwamba ofisi yao ililipwa mapema kuliko nyingine, na kwamba unga uliokuwa kwenye debe lile usiku ule ulitoka kwa mzee. Neno la mtu aliyekujazia debe haliangushwi chini.

Mzee alipoondoka, Dut alisimama mlangoni kwa muda, mgongo wake umeziba mwanga.

"Ungemwambia kuhusu Alhamisi," Adhieu alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nangoja mke wangu anilishe?"

"Mwambie nina intavyuu, basi."

"Intavyuu si kazi. Juba nzima ina intavyuu. Pata kwanza, Mama Achok. Ukipata, mimi mwenyewe nitamwambia, na boti itaondoka na magunia."

"Na nisipopata?"

Dut aligeuza uso. Wote wawili walikuwa wakiifikiria nyumba ya pili kutoka kwao. Mwanamke wa pale alipanda boti ya Bor kwa mwezi mmoja tu, mpaka mambo yakae sawa. Sasa chumba chake kilikuwa na wapangaji Waganda, na mumewe alikuwa na mke mwingine.

---

Aliyejitwika kazi ya kumnoa Adhieu ni Janepher, jirani yao wa ukuta mmoja, Mkenya wa Webuye, mfupi, mwepesi, mpokezi wa wageni katika hoteli moja ya Hai Amarat. Usaili mwingi wa mashirika ulifanyiwa kwenye bustani ya hoteli yao, na Janepher alidai kwamba kwa kubeba chai tu alikuwa amefanya intavyuu nyingi kuliko maprofesa.

"Kaa. Niangalie."

"Nakuangalia."

"Unaangalia shingo yangu. Macho, Mama Achok! Macho!"

"Kwetu kumkodolea mtu mkubwa macho ni kumtukana."

"Kwenu ni Bor. Intavyuu ni Hai Amarat. Kule ukiangalia chini wanaandika: huyu ameiba kitu mahali. Ukiingia, unawapa mkono wote, tena unashika, usishike kama mtu ameokota samaki. Halafu unatafuta ule uso mgumu kuliko zote, unauangalia huo, unautabasamia huo. Ukishapasua jiwe, kokoto zitajileta. Haya. Hii miaka sita, ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa Kakuma, kisha tuka..."

"Tulikuwa nani? Wanaajiri ukoo?"

"Nilikuwa."

"Mimi. Sema mimi."

"Mimi nilikuwa nikilea watoto."

"Ukiachia hapo umekwisha. Sema ulikuwa na biashara."

"Biashara gani?"

"Hata nyanya."

"Sikuuza nyanya, Janepher."

"Hata moja?"

"Nilinunua."

Dut, aliyekuwa amejilaza kwenye angareb akijifanya amesinzia, alitikisika kwa kicheko mpaka kamba za kitanda zikalia. Janepher akamgeukia.

"Wewe Baba Achok, badala ya kucheka, kuja uulize swali moja. Jifanye mkubwa wa ofisi."

Dut aliinuka, akaketi juu ya jerikeni tupu, akakunja uso. Alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Mama, naona una familia. Mume wako ana kazi?"

"Ndiyo," Adhieu alijibu, macho yake wima ndani ya macho ya Dut, kama alivyofundishwa. "Ana kazi. Ni kazi isiyo na mshahara."

Alilisema kwa mzaha. Lakini kuna maneno yanayotoka yakiwa manyoya na kutua yakiwa jiwe. Dut aliitikia kwa kichwa, akasema, "Jibu zuri," akaenda nje. Janepher akajishughulisha na kukunja koti.

Koti lenyewe lilikuwa sare ya zamani ya hoteli, jeusi, limebanduliwa nembo. Sketi yake ilimfika Janepher kwenye ugoko. Kwa Adhieu iliishia juu ya magoti, na wote wawili walikubaliana bila maneno kwamba haiwezekani. Basi angevaa gauni lake la kitenge la kanisani na koti juu yake, mikono ikunjwe ili watu wadhani ufupi ule ni mtindo.

Alhamisi alfajiri Adhieu alipoamka alikuta viatu vyake vya kanisani vimewekwa mlangoni. Vilikuwa vimepakwa rangi na kusuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Dut alikuwa amekwisha ondoka kwenda kwenye kazi yake isiyo na mshahara, na kitambaa cheusi kwa rangi kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba.

---

Mlinzi wa lango alimtazama kitenge, akamtazama koti, akasema, "Wa kufanya usafi wanaingia mlango wa nyuma, mama."

"Mimi ni wa redio," Adhieu alijibu.

Akashangaa jinsi lile neno *mimi* lilivyotoka bila kukwama.

Chumba kilikuwa kidogo, na pangaboi la darini lilikuwa likizunguka kwa uvivu. Nyuma ya meza waliketi watu watatu. Wa kati alikuwa Mkenya mnene, mwenye kalamu nyuma ya sikio; alijitaja kuwa Constantine, mkuu wa mawasiliano. Kulia kwake alikaa mwanamke wa Kizungu aliyebabuliwa na jua, mwangalizi wa wafanyakazi. Kushoto alikaa mzee mwenye miwani na tai pana, ameinamia faili.

"Mwenzetu huyu anatoka ofisi ya serikali," Constantine alisema. "Wao hukaa nasi kila tukiajiri, kuhakikisha kazi haziendi kwa sisi wageni peke yetu."

Adhieu alikumbuka yote. Alinyoosha mkono juu ya meza, akampa Constantine, akaushika. Akampa mkono mwanamke, akaushika. Akampa mkono mzee. Mkono wa mzee ulikuwa mlegevu kama kitambaa, na mzee mwenyewe aliinua uso mara moja tu, akaurudisha kwenye faili. Adhieu akajisemea moyoni: uso mgumu ni huu. Akaketi, akauchagua. Alimtazama mzee katikati ya miwani na kumpa tabasamu pana, kama lile ambalo Janepher huwapa wageni waliolipa wiki nzima. Mzee akazidi kuinama. Maskini, Adhieu aliwaza, kumbe hata wao huona haya.

"Tuambie kuhusu kazi yako ya Loki," Constantine alisema.

Akawaambia. *Mimi* niliita vituo asubuhi na jioni. *Mimi* nilipokea habari za mvua na viwanja vya ndege. *Mimi* nilikaa na rubani hewani mpaka akatua, siku mawingu yalipomfungia njia. Maneno yalikuja yenyewe, na kila alipotaka kutua, alitua kwenye miwani ya mzee. Constantine alikuwa akiitikia kwa kichwa, amependezwa. Alijiinamia kuandika, akapapasa sikio kutafuta kalamu. Ikamponyoka, ikagonga meza, ikaanguka na kubingirika upande wa Adhieu.

"Acha nikuokotee," Adhieu alisema, akainama.

Chini ya meza aliona viatu vya turubai vya Mzungu. Akaona viatu vipana vya Constantine. Kisha akaona viatu vya kahawia vyenye soli ya tairi, cha kulia kamba ya kahawia, cha kushoto kamba ya bluu. Kando yake ilisimama fimbo yenye kofia ya risasi.

Na juu ya meza mtu akakohoa, kikohozi kifupi na kikavu.

Adhieu hakukumbuka jinsi alivyorudi kitini. Kalamu aliiweka mezani kwa viganja viwili, kama maji. Mkono alikuwa amempa mzee, tena bila kungoja anyooshewe. Alikuwa amemkodolea, amemchekea kama mwenzake wa kisimani. Alikuwa amejisifu mbele yake, yeye, mke wa nyumba yao asiyepata kunywa hata maji aliko mzee huyo. Na mzee alikuwa amejua tangu mlangoni. Kumbe alipozidi kuinama alikuwa akiona haya kwa ajili yake.

"Sasa," Constantine alisema, "naona kuna miaka sita hapa hukufanya kazi popote. Ulikuwa ukifanya nini?"

Swali lilikuwa lile lile walilolifua na kulianika siku mbili. Adhieu alitazama magoti yake.

"Mama? Chukua muda wako."

Mwanamke wa Kizungu aliandika kitu. Kalamu yake ilisikika.

"Labda upate maji," Constantine alisema kwa upole, akamsogezea gilasi. Adhieu aliitazama. Koo lilikuwa limekauka kama gome, na maji yalikuwa mbele yake, na hakuweza kuyanywa. Mbele ya yule, hapana. Alisikia jinsi kimya chake kilivyokuwa kikihesabiwa dhidi yake: hajiamini, amesahau kazi, mama wa nyumbani tu. Jumamosi boti. Achok kwenye boti na mkoba wake wa shule.

Kutoka chumba cha pili, kupitia ukuta mwembamba, redio ilikoroma. Mtu wa mbali alikuwa akiita, sauti yake inapanda na kuzama kwenye mchanga wa mawimbi, na hakuna aliyemjibu mara moja. Yule mtu hakuwa na uso. Hakuna aliyemtaka awe na uso.

Adhieu akasimama.

"Naomba ruhusa nigeuze kiti changu," alisema, akiambia sakafu.

"Ugeuze kiti?"

"Humu ndani kuna mzee ambaye kwa desturi yetu siwezi kumtazama wala kujisifu mbele yake. Nilipoingia sikumjua, na yale niliyoyafanya ni makosa yangu, naomba msamaha kwake. Lakini kazi naitaka. Na kazi yenyewe ni ya redio. Redioni hakuna anayemtazama mwenzake. Nikigeuka nitawajibu yote."

Constantine alimgeukia mzee. "Mnajuana?"

"Ni mke wa nyumba yetu," mzee alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema asubuhi ile.

Pangaboi lilizunguka. Adhieu aliingoja ile fimbo igonge sakafu, mzee ainuke, mambo yaishe. Badala yake mzee akakohoa tena.

"*Jam*," alisema kwa Kidinka. Sema.

Adhieu aligeuza kiti. Mbele yake sasa palikuwa na ukuta mweupe, na juu yake mjusi mmoja ambaye hakuwa na neno na mtu. Akavuta pumzi kutoka chini tumboni, kama alivyofundishwa zamani, na sauti yake ikaja: ile ya Loki, iliyonyooka, isiyo na haraka, ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka sita.

"Miaka sita nimezaa watoto wawili, nikawalea. Nimemuuguza mama mkwe mwaka na nusu mpaka akafa mikononi mwangu. Nimehama nchi na mizigo na watoto. Sikuuza chochote, sikusoma kozi yoyote. Redio sijaigusa, na yapo niliyoyasahau. Nikipewa wiki moja yatarudi. Ova."

Lile *ova*, neno la redioni la kumpa mwenzako zamu, lilimtoka kwa mazoea. Akasikia Constantine akicheka, kicheko cha tumboni cha mtu aliyemkuta wa kwao ugenini.

"Nakupata vizuri," Constantine alijibu kwa sauti ile ile ya hewani. "Swali la pili. Kompyuta unaijua? Ova."

"Najua kuchapa tu, polepole. Barua pepe nimeona watu wakituma. Ova."

"Kituo hakijajibu wito wa asubuhi wala wa mchana. Unafanya nini? Ova."

Wakaenda hivyo, swali na jibu, mgongo na meza. Moja alilikosea, akajisahihisha mwenyewe. Jingine hakulijua kabisa, akasema hajui. Kwa upande wa kushoto wa meza hapakutoka neno wala kikohozi mpaka mwisho. Alipotoka alipita kinyumenyume, macho kwenye zulia, na gilasi ya maji ikabaki mezani imejaa.

---

"Ulimpa mkono?" Dut aliuliza jioni.

"Nilimpa."

"Na ukamtazama?"

"Nikamtabasamia, Dut. Na meno."

Dut alishika kichwa kwa mikono miwili. Janepher, aliyekaa kwenye kizingiti, hakuwa na mzaha wowote siku ile. "Kosa ni langu," alisema. "Ule uso mgumu ni mimi nilikutuma."

"Hukunituma kwa baba mkwe wangu."

"Lakini, Mama Achok, aliposema useme, ukasema?"

"Nilisema. Kwa ukuta."

"Basi," Janepher alisema, lakini hakumalizia. Hakuna aliyejua hiyo *basi* iishie wapi.

Ijumaa nzima simu haikuita. Muhubo aliitenga na nyingine, akaiweka peke yake mbele ya ubao, juu ya kipande cha kanga, "isisongwe." Adhieu alipoifuata jioni, Muhubo alimkabidhi bila kudai malipo ya chaji, na wema huo ukamuumiza Adhieu kuliko neno baya. Usiku alifunga nguo za watoto kwenye shuka. Sare ya Achok aliiweka juu kabisa, kisha akaitoa, akaitundika tena msumarini.

Dut alimwangalia. "Kesho nitakataa," alisema.

"Utamkatalia nani? Unga ni wake."

"Nitakataa na unga wake." Alilisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribisha kiatu kipya, lakini alilisema, na Adhieu akamsogelea.

---

Jumamosi, jua likiwa bado halijashika mabati, kikohozi kilisikika nje.

Adhieu alijifunga lawa. Akateka maji kwenye gilasi, akatoka, akapiga magoti kwenye vumbi la ua. Viatu vya kahawia vilikuwa pale pale vinapokaa siku zote, kamba ya kahawia na kamba ya bluu. Na kando ya viatu, badala ya fimbo peke yake, palisimama kwato nne ndogo nyeusi, zikikanyagakanyaga.

Dut alitoka nyuma yake. Alikuwa amejiandaa kukataa; aliivuta pumzi yake yote, akamwona mbuzi, pumzi ikamkaa kifuani.

"Baba Mkubwa, boti..."

"Boti iondoke. Kuna watu wengine wa Bor." Mzee alichomeka fimbo ardhini. Aliongea taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Jumatatu watampigia kumpa kazi. Sikutaka aambiwe na simu kabla ya mbuzi. Na nisikilizeni vizuri, maana mji huu una midomo: sikumtetea. Walipofika kwenye kutoa alama, niliwaambia huyu ni wa kwangu, nikatoka nikasimama juani mpaka wakaniita. Wameniambia walibishana. Yule mama mweupe alisema hajui kompyuta. Constantine akasema kompyuta hufundishwa."

Ndani, Manyang alianza kulia, na Achok akasikika akimnyamazisha, "Shh, kuna mbuzi."

"Ofisi yangu hukutana na watu wa redio kila mwezi," mzee akaendelea. "Mimi na yeye tutakaa meza moja. Siwezi kuzungumza na mgongo wa mtu kila mwezi, watu wataona sisi ni wendawazimu. Mbuzi huyu angefungwa kamba zamani. Vita vilituchelewesha, na baada ya vita nilijichelewesha mwenyewe." Akakohoa. "Mama Achok. Inua macho."

Adhieu aliyapandisha macho polepole, kama mtu anayepima kina cha mto kwa mguu. Kamba ya bluu. Magoti. Mkono uliokunjamana juu ya fimbo. Kisha uso. Ule wa Alhamisi, wa miwani na tai, haukuwepo. Uliokuwepo ulikuwa uso wa Dut, ulioongezewa miaka thelathini ya jua. Ulimtazama kwa kitambo, kisha ukaona haya wenyewe, ukainama, ukatua kwenye gilasi iliyokuwa bado juu ya viganja viwili vya Adhieu.

Mzee hakuipokea. Aliisukuma kwa kidole kimoja, ikarudi upande wa Adhieu.

"Juzi hukunywa," alisema. "Kunywa."

Adhieu akanywa.